Usiifute Bado: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kutunza na Kusimulia Picha za Wanyama Zilizoharibika

Picha iliyochekesha watu wengi kuliko zote nilizowahi kupiga ni ya furukombe asiye na kichwa. Nilimkuta Luchelele, hapa Mwanza, juu ya mti mkavu ukingoni mwa Ziwa Victoria, kifua cheupe amenielekezea, jua la asubuhi limempata vizuri. Nilibonyeza mara moja, akaruka. Nyumbani nikaikuza kwenye skrini: mabawa yapo, kifua kipo, kucha zimekamata tawi, na juu ya mabega hakuna kitu. Mama mkubwa alipoiona aliuliza, "Huyu kachinjwa na nani?" akacheka mpaka akaomba maji.

Kichwa kilikuwepo. Furukombe akiita hukitupa kichwa nyuma hadi kisogo kinakaribia mgongo, na aliyesimama chini mbele yake haoni ila koo. Mimi nilitaka uso. Yeye alikuwa anamwita mwenzake ng'ambo ya pili ya maji. Picha ile imebeba mambo yote mawili kwa pamoja, na tangu siku hiyo nimekuwa na kipimo kimoja ninachokiamini: picha ya mnyama iliyoharibika huchekesha pale nia ya mpiga picha na shughuli ya mnyama zinapopishana, na kupishana huko kukaonekana. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili, umebaki na picha mbaya tu.

Mwongozo huu ni kwa mwenye simu ya kawaida au kamera ndogo. Huhitaji lenzi ndefu wala safari ya mbali. Mwanza pimbi na mijusi wako kwenye miamba nyuma ya nyumba zetu, makorongo wako soko la samaki la Mwaloni Kirumba, midiria, wale ndege wavua samaki, wamekaa kwenye kamba za mitumbwi, na Kisiwa cha Saanane kinaonekana ukiwa mjini. Ukipata nauli na muda, lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti lipo kwenye barabara hiyohiyo ya kwenda Musoma.

Hatua ya 1: Usifute ukiwa bado ufukweni

Mtu aliyekosa picha aliyoitaka huwa na hasira nayo. Anaiangalia chini ya jua kali, skrini haionekani vizuri, anatafuta kile alichokikusudia tu, asipokiona, anafuta. Hapo ndipo picha nyingi nzuri za kuchekesha zinapotea.

Fungua folda kwenye simu, uiite Zimeharibika. Ukirudi nyumbani, hamishia humo kila picha iliyokosea, hata ile unayoiona haina maana, kisha uiache wiki nzima. Baada ya wiki utaiangalia kama mgeni. Kama umeshafuta, kimbilia sehemu ya picha zilizofutwa: simu nyingi huzihifadhi kwa takribani siku 30 kabla ya kuziondoa kabisa. Simu ikijaa, hamishia kwenye kompyuta au flashi kwanza.

Hatua ya 2: Iulize kila picha maswali mawili

Wiki ikipita, kaa mahali penye utulivu, uipitie folda picha moja moja. Jiulize: Naona mnyama alikuwa anafanya nini? Naona mpiga picha alitaka nini? Majibu yote mawili yatoke ndani ya picha yenyewe, sio kwenye kumbukumbu yako.

Nikupe mfano wa asubuhi moja Saanane. Kisiwa hicho kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Ni kidogo, unakizunguka kwa miguu, na wanyama hawako mbali, kwa hiyo ni shule nzuri kwa anayeanza. Nilirudi na picha tatu zilizokosea. Ya kwanza ilikuwa doa la kahawia juu ya mwamba. Najua ni pimbi kwa sababu nilikuwepo, lakini mwingine hawezi kujua. Hiyo niliifuta. Ya pili ni pimbi wanane wamejipanga juu ya jiwe bega kwa bega, kama familia iliyoitwa kupigwa picha ya arusi, na wote wanane wamenipa mgongo. Pimbi mwili wake haumudu vizuri kutunza joto, ndiyo maana asubuhi hukaa juani kwa pamoja kujipasha moto, na jua lilikuwa upande wa pili. Nia yangu inaonekana: nimewapanga katikati ya fremu, kwa usawa. Shughuli yao inaonekana pia. Hiyo niliitunza, na hadi leo ni ya pili kwa kuombwa na wageni. Ya tatu ni swala pala aliyesimama nyuma ya mti mwembamba, mwili umetokeza pande zote mbili, uso pekee umefichwa. Niliitunza, ingawa haina nguvu ya ile ya pimbi. Swala yule alikuwa amesimama tu. Hakuwa na jambo lake.

Ukishindwa kuamua, tumia mtu ambaye hakuwepo. Mwonyeshe bila kusema neno, uhesabu kimoyomoyo hadi tano. Akiuliza "Hii ni nini?", picha imeshindwa. Akiuliza "Huyu anafanya nini?", itunze.

Hatua ya 3: Jua ni nini hasa kilichoharibika

Hapa watu wengi wanaparuka, nami nakusihi usiruke. Ukijua sababu, utaweza kusimulia. Tena utajua ni kosa gani urekebishe safari ijayo, na lipi uliache liendelee kukuletea kicheko.

Anza na mwendo. Kwenye mwanga hafifu simu huacha sensa yake, kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga, ikipokea mwanga kwa muda mrefu zaidi, pengine sehemu 1 ya 50 ya sekunde, na chochote kinachosogea kwa muda huo kinachoreka kama moshi. Yule mjusi wetu wa miamba, dume mwenye kichwa na mabega ya rangi ya waridi iliyoiva na mwili wa buluu, ana tabia ya kunyanyua na kushusha kichwa haraka haraka anapolinda eneo lake. Ukimpiga asubuhi ya mawingu, miguu na mkia vinatoka safi, kila gamba linaonekana, na kichwa kimekuwa wingu jekundu. Kwa ndege anayeruka unahitaji angalau sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde, na kwa ndege mdogo iwe kasi zaidi. Kwa mjusi, mimi siku hizi naacha. Wingu lile jekundu linaeleza ukali wake kuliko uso uliotulia.

Kosa la pili ni fokasi, yaani kitu ambacho kamera imechagua kitoke safi. Kamera hupenda kilicho karibu na chenye mistari inayoonekana wazi. Kando ya ziwa hili hicho huwa ni tete, jani la mafunjo au ua la gugu maji. Nina picha ambayo ua la gugu maji limetoka kwa uzuri wa kalenda, na nyuma yake kuna bonge la kahawia lenye masikio mawili. Bonge hilo ni kiboko. Kurekebisha ni rahisi: gusa skrini pale alipo mnyama kabla ya kubonyeza.

Halafu kuna makosa yanayozaliwa na akili ya simu yenyewe. Simu nyingi hupiga picha kadhaa kwa mkupuo na kuziunganisha ili mwanga uwe sawa. Yangeyange akigeuza shingo katikati ya mkupuo huo, anatoka na midomo miwili. Ukipiga panorama, ile picha ndefu ya kuzungusha simu, na tumbili akatembea kuelekea unakozungusha, anaongezeka urefu na wakati mwingine miguu. Akitembea upande wa pili anakuwa mfupi kama mkate. Tena sensa ya simu husoma picha mstari kwa mstari, haichukui yote kwa mara moja, ndiyo maana bawa linalopiga kwa kasi linaweza kutoka limepinda kama mpira. Picha za aina hii huchekesha haraka na kuchosha haraka. Chagua mbili au tatu, usijaze albamu.

Zumu ya simu nyingi, ukipita kiwango cha lenzi, haimsogezi mnyama. Inakata tu kipande cha katikati na kukikuza. Ndiyo asili ya mamba wetu wengi kuwa vigogo. Jua nalo huku kwetu hufika utosini karibu saa saba kasoro, sio saa sita kamili, na hapo ndege aliye juu ya mti anatoka mweusi tii. Usisahau wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi kutoka majini: wakipita mbele ya lenzi, picha yote inaonekana imemwagiwa pilipili manga.

Hatua ya 4: Jua mnyama alikuwa na shughuli gani

Hii ndiyo nusu ya pili ya kicheko, nayo hupatikana kwa kuuliza. Nilikaa siku nyingi Mwaloni nikimsubiri mdiria, yule mweusi na mweupe, apige mbizi. Kila mara nilipata kijiti kitupu. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona nyavu aliniangalia kwa muda, akaniambia, "Mwanangu, yule wewe hakuoni kabisa. Anaangalia dagaa." Akanionyesha kwamba kabla ya kuruka mdiria hutikisa kichwa na mkia, na anaporuka husimama hewani akipigapiga mabawa, ndipo anapoanguka majini. Nilielewa kwamba picha zangu tatu, kijiti chenye ncha ya mkia ukitoka kwenye fremu, duara la maji, na kijiti chenye mdiria anayemeza samaki, zilikuwa hadithi kamili. Kila moja peke yake ilikuwa takataka. Ukiziweka pamoja, watu wanaangua kicheko kwenye ya tatu. Kwa hiyo piga mfululizo, na usitenganishe picha zilizozaliwa pamoja.

Fundi chuma, ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, ana desturi ya kupandana mgongoni hata pasipo tendo la ndoa. Hufanya hivyo wakiwa kikundi, kwa makelele. Ukimkosea pembe unapata ndege mmoja wa ghorofa. Mnandi akitoka kupiga mbizi hutandaza mabawa akauke, na ukimpiga kwa nyuma utadhani koti limetundikwa kwenye kigingi. Korongo wa sokoni, yule mwenye kipara na mfuko shingoni, miguu yake huonekana myeupe kwa sababu hujinyea miguuni ili apoe na joto. Ukimpiga akiwa nyuma ya wanunuzi wa sangara, kwa urefu wake na mabega yake yaliyoinama, anaingia kwenye foleni bila tatizo lolote. Lakini pale sokoni kuna watu kazini: omba ruhusa kwanza, na asiyetaka sura yake ionekane umheshimu.

Hapa niseme jambo bila kuzunguka. Usimtengeneze mnyama. Kurusha jiwe ili pimbi waruke, kumpa tumbili ndizi ili afungue mdomo, kumkaribia kenge mpaka apige mkia, hayo yote yanaua picha, kwa sababu shughuli ya mnyama inakuwa ni wewe. Kulisha wanyama hifadhini ni marufuku, na tumbili aliyezoea kulishwa ndiye anayekuja kupora na kuuma. Kando ya maji usichuchumae kwenye matete, mamba hawapigi hodi. Kiboko akiwa nchi kavu, usisimame kati yake na ziwa kwa namna yoyote. Nimeona watu wazima wakisogea hatua kumi zaidi kwa ajili ya picha, na moyo wangu ulisimama.

Hatua ya 5: Kata kingo, usipake rangi

Tengeneza nakala, asili uiache kama ilivyo. Kata kingo kidogo tu, hasa pembeni palipo na vitu visivyohusika, kama ndoo au mguu wa mwenzako. Usikate nafasi iliyo wazi mahali ambapo mnyama alitakiwa kuwa. Nafasi hiyo ndiyo inayoonyesha ulichotaka. Kijiti kitupu kikikatwa kikajaa fremu nzima, kinakuwa picha ya kijiti. Mwanga unaweza kuongeza. Kufuta, kuongeza au kuhamisha kitu ni kudanganya, na mtazamaji akishagundua mara moja hatacheka tena hata kwenye zile za kweli.

Hatua ya 6: Tafuta maneno ya chini ya picha

Napenda kuyafikiria maneno haya kama jina la kanga: machache, yanasomeka kwa pumzi moja, na yanamhusu mtu mwingine kabisa huku wewe ukijua yanamhusu nani. Yaliyofanikiwa kwetu yote yanatoka mdomoni mwa mnyama, akiongelea shughuli yake, kana kwamba kamera haipo. Furukombe asiye na kichwa: "Niko hewani." Kijiti kitupu cha mdiria: "Nimetoka kidogo." Mnandi: "Nguo bado mbichi." Korongo kwenye foleni ya sangara: "Wa mwisho ni nani?" Hakuna hata mmoja anayesema picha imeharibika. Mtazamaji anaona mwenyewe.

Mara chache methali inafanya kazi, ikiwa inakaa sawasawa. Rafiki yetu mmoja alipiga kutoka kwenye boti, akawa anaapa kwamba ni mamba. Picha ilipokuzwa, alikuwa kenge, anaogelea, ulimi nje. Chini yake tuliandika "Na kenge wamo," na hapakuhitajika neno lingine kwa mtu yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili.

Epuka maneno yanayoeleza kosa la kamera. Epuka pia kumfananisha mnyama na mtu fulani mnayemjua, kabila au umbo la mtu. Neno pimbi lenyewe limeshageuzwa tusi mitaani. Chini ya picha ya pimbi usiliandike kwa namna ambayo mtoto mfupi aliyekaa mbele ataona wote wanamgeukia.

Hatua ya 7: Andaa jioni ya kuonyeshana

Kicheko cha picha hizi kinataka watu wengi mahali pamoja. Sisi tunakaa uani mara moja kwa mwezi, shuka jeupe limetandazwa ukutani, projekta ya kuazima. Anzeni saa moja na nusu usiku. Kabla ya hapo kwetu mwanga bado unasumbua, jua linazama saa moja kasoro. Televisheni yenye waya wa kuunganisha simu inatosha pia. Picha zisizidi 20.

Kila picha ikae kimya kwanza, kama pumzi tano. Waache watu wabishane wenyewe. Kisha mwenye picha aseme sentensi mbili tu: nilitaka nini, na yeye alikuwa anafanya nini. Anayesimulia kwa dakika tano anaizika picha yake. Anzeni na zinazoeleweka papo hapo, kama kijiti kitupu. Mjusi mwenye kichwa cha wingu awekwe katikati, watu wakiwa wameshazoea kuuliza. Na baada ya picha kumi hivi, weka moja iliyofanikiwa kweli: mdiria yuleyule, makini, samaki mdomoni, kila nyoya mahali pake. Uani kunakuwa kimya. Zile zitakazofuata zitachekesha mara mbili, kwa sababu sasa wote wanajua nini kilikuwa kinatafutwa.

Watoto wakae mbele. Wanaona vitu ambavyo wakubwa hatuvioni. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyegundua kwamba kwenye ile picha ya pimbi wanane kuna wa tisa, mdogo, anachungulia chini ya tumbo la mama yake, na ndiye pekee aliyeangalia kamera.

Hatua ya 8: Itume mbali, kisha uisafishe

Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na kupoteza ubora. Itume kama dokumenti.

Ukitaka kuipeleka duniani, yapo mashindano ya Comedy Wildlife Photography Awards, yaliyoanzishwa mwaka 2015 na Paul Joynson-Hicks, mpiga picha Mwingereza anayeishi hapa Tanzania, pamoja na Tom Sullam. Wazo lilimjia alipokuwa anapitia picha zake akakutana na tai aliyeinama akichungulia kati ya miguu yake mwenyewe, na ngiri aliyepigwa kwa nyuma. Yaani picha ambazo wengine tungezifuta. Mwaka 2022 ushindi mkuu ulikwenda kwa Jennifer Hadley wa Marekani, kwa picha ya mtoto wa simba akianguka kutoka mtini, Serengeti. Ile ni picha kali, imetulia, haina kosa la kamera. Anayekosea pale ni mtoto wa simba. Kwa hiyo huko peleka zile ambazo mnyama anaonekana vizuri, kama ya pimbi. Mjusi wa wingu mbakize nyumbani. Wanyama wa kufugwa hawapokelewi. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma.

Mwisho, chagua tano kwa mwaka uzipeleke studio zikasafishwe, inchi 4 kwa 6 zinatosha. Simu hupotea, huanguka majini, huibwa kwenye daladala. Nyuma ya kila picha andika kwa kalamu mahali, siku, saa, ulichotaka, na mnyama alikuwa na shughuli gani. Nyuma ya ile ya Luchelele nimeandika: Jumapili, saa mbili na robo asubuhi. Nilitaka uso. Alikuwa anamwita mwenzake, na mwenzake aliitika.